Kuingia kazi ya Serikali ukiwa na D6 tu: dosye, concours, matricule

Aliyeishia kwenye diplôme d'État (D6, cheti cha mwisho wa sekondari) bado ana mlango katika utumishi wa Serikali ya Kongo (RDC). Kazi hii inaongozwa na sheria namba 16/013 ya 15 Julai 2016. Wenye vyeti vya chuo kikuu, licence na graduat, huanzia ngazi za ATA (attaché d'administration). Mwenye D6 huingia chini yao, kwenye AGA (agent d'administration), kazi za karani na utunzaji wa kumbukumbu. Chini zaidi kuna AA (agent auxiliaire) na huissier, yaani tarishi. ENA ya Kinshasa, shule ya taifa ya utawala, iacheni, ile inataka licence.

1. Anza na majina. Panga mezani diplôme, carte d'électeur na attestation de naissance. Nom, postnom na prénom vifanane herufi kwa herufi, tarehe ya kuzaliwa pia. Dosye nyingi hufia hapa: Kasongo Ilunga kwenye diplôme na Ilunga Kasongo kwenye kadi ni watu wawili mbele ya anayetayarisha orodha ya malipo. Kosa likiwa kwenye diplôme, anzia shuleni, kisha inspection. Ukitaka kubadili jina lenyewe, hiyo ni kazi ya tribunal de paix. Na asije mtu wa kando ya barabara "kunyoosha" herufi kwa kalamu. Karatasi iliyokwaruzwa imekwisha, na kughushi ni kosa la jinai.

2. Kusanya karatasi. Komini (hapa Lubumbashi ni Katuba, Kenya, Kampemba, popote unapoishi) inatoa attestation de résidence na ya bonne conduite, vie et mœurs. Ongeza uthibitisho wa uraia, CV, barua ya maombi na picha za pasipoti. Casier judiciaire (hati ya rekodi ya makosa) ya parquet na certificat d'aptitude physique ya daktari vichukue mwishoni, kwa sababu huchakaa haraka. Ofisi nyingi hazikubali za zaidi ya miezi 3. Usiache diplôme ya asili kwenye ofisi yoyote. Toa kopi iliyothibitishwa, ya asili waione na kuirudisha.

3. Subiri concours. Sheria inataka mtihani wa wazi. Soma valves (mbao za matangazo) za Division ya Fonction publique, ofisi ya utumishi wa Serikali, wala usitegemee picha za WhatsApp zisizo na saini wala namba. Tangazo la kweli linataja grade, masharti ya umri na mwisho wa kupokea dosye. Ukiweka dosye, dai accusé de réception: kopi ya barua yako yenye muhuri na tarehe. Bila hiyo, dosye ikipotea huna la kusema. Wakati unasubiri, jizoeze kuandika Kifaransa cha ofisi: barua, ripoti fupi, procès-verbal.

4. Baada ya kufaulu. Kuna hatua mbili ambazo watu huzichanganya. Arrêté, uamuzi rasmi ulioandikwa, inakuingiza "sous statut" (mtumishi rasmi) na kukupa matricule, namba yako ya utumishi. Mécanisation inakuweka kwenye orodha ya malipo. Anayefanya kazi kabla ya kukamilisha hatua hizo anaitwa NU, nouvelle unité, na wako walioitwa hivyo miaka mingi wakifanya kazi bila mshahara.

MASWALI

Mama wa Katuba: Mtoto wangu aliacha masomo kabla ya Exetat, mtihani wa kupata D6. Amekwisha?
Jibu: Hapana, mama. Anaweza kujiandikisha kama autodidacte, yaani anayejisomea mwenyewe. Kuna mtihani wa awali kwanza. Akiupita, anafanya Exetat na wengine. Diplôme ni ile ile.

Kijana wa Ruashi: Yaya, chef de bureau mmoja anasema nianze kuja kazini, karatasi zitafuata. Anataka na "kitu kidogo".
Jibu: Usitoe. Yeye hana uwezo wa kukuajiri. Arrêté haitoki mezani kwake. Utafagia na kubeba barua zake, siku akihamishwa hakuna anayekujua.

Papa wa Kamalondo: Binti ana D6 ya pédagogie. Apange foleni hiyo hiyo?
Jibu: Hapana, papa. Walimu wana njia yao, na malipo yao hupitia DINACOPE, idara inayotayarisha malipo ya walimu, ile iliyokuwa SECOPE. Lakini aulize kabla ya kusaini: je, nafasi hiyo ya mwalimu iko tayari kwenye malipo, au ni NU?

Kijana wa Ruashi: Nikiingia AGA, nitabaki huko?
Jibu: Kupanda kunafuata miaka ya kazi na cotation (alama za utendaji wako) ya kila mwaka. Omba kopi ya kila cotation na uitunze nyumbani. Za ofisini hupotea.