Chagua maji kabla ya nyumba: kutafuta maskani ya likizo ya ufukweni ukitokea Dodoma

Kazi yangu hapa Dodoma ni kupangia familia na vikundi vya ofisini safari za pwani. Simu nyingi ninazopokea huanza hivi: "Dada, nimeona nyumba nzuri Instagram, makuti mapya, bahari iko mlangoni kabisa. Nilipie?" Nami huwaomba wasubiri kidogo, kwa sababu picha za nyumba za ufukweni hupigwa maji yakiwa yamejaa. Ukikaa muda wa saa sita, bahari hiyohiyo inaweza kuwa imerudi nyuma nusu kilomita, na mbele ya kibaraza pamebaki tope, majani na mawe. Mtu wa pwani anayajua haya tangu utotoni. Sisi wa bara, ambao maji makubwa tuliyoyazoea ni bwawa la Hombolo, inabidi tujifunze kabla hatujatuma hela.

Utaratibu ninaoufuata ni huu. Ufuate kwa mpangilio wake, maana kila hatua inapunguza maeneo ya kuangalia katika hatua inayofuata.

Hatua ya 1: Andika nani anakwenda, na nani anajua kuogelea

Karatasi moja inatosha. Watoto wana umri gani? Bibi atakuwepo? Kuna anayejua kuogelea kweli, au wote watacheza maji ya magotini? Familia nyingi za hapa zinahitaji maji matulivu, ya kina kifupi, yasiyo na mawimbi makubwa. Wenye vijana wanaotaka kupiga mbizi au kwenda visiwani na mashua wanatafuta kitu tofauti kabisa, na hawawezi kuridhika sehemu moja na wenye watoto wadogo. Amua mapema ni nani safari hii inamlenga.

Hatua ya 2: Panga tarehe kwa kuangalia mwezi wa angani

Watu wengi huruka hatua hii, na ndiyo yenye faida kubwa kuliko zote.

Katika pwani yetu maji hujaa mara mbili na kupwa mara mbili kwa siku, na kila siku saa husogea mbele kwa dakika 50 hivi. Mwezi ukiandama, na tena ukiwa mpevu, huja bamvua: maji hujaa sana na kupwa sana, tofauti ikipita mita tatu. Katikati ya vipindi hivyo, mwezi ukiwa nusu, huwa maji mafu: tofauti inashuka hadi mita moja hivi na bahari haiendi mbali.

Kwa Dar es Salaam, Zanzibar na maeneo ya jirani, siku za bamvua maji hujaa kwenye saa kumi, alfajiri na jioni, na hukupwa kwenye saa nne, asubuhi na usiku. Siku za maji mafu mambo hugeuka: maji hujaa kwenye saa nne asubuhi na kupwa kwenye saa kumi jioni. Kwa hiyo ukienda wiki ya bamvua, asubuhi ni ya kutembea kwenye mchanga na kuangalia viumbe kwenye vidimbwi vya mwamba, na kuogelea ni alasiri. Ukienda wiki ya maji mafu, watoto wanaingia majini baada ya chai ya asubuhi.

Njia rahisi ya kujua ni kalenda yenye tarehe za Kiislamu, ile inayotundikwa ukutani madukani. Tarehe 1 na 15 za mwezi wa Kiislamu ni bamvua, na nguvu yake huongezeka kwa siku moja au mbili zinazofuata. Tarehe 8 na 22 ni maji mafu. Maana yake Idd el-Fitri huangukia bamvua kila mwaka, kwa kuwa inategemea mwandamo. Pasaka nayo huwekwa Jumapili inayofuata mwezi mpevu wa majira hayo, hivyo Ijumaa Kuu mara nyingi haiko mbali na bamvua. Ukishajua haya unaweza kupanga ratiba ya kila siku ukiwa bado sebuleni kwako Area D.

Hatua ya 3: Angalia upepo na mvua

Masika, kuanzia Machi hadi Mei, ufukweni kunakuwa na maji mengi ya mvua na barabara za vumbi zinageuka tope. Mimi huwashauri watu wasubiri, hata kama bei imeshuka.

Familia nyingi za Dodoma husafiri Juni na Julai: Bunge la bajeti limeahirishwa, shule zimefungwa. Huo ni wakati wa kusi, upepo unaotoka kusini-mashariki. Hali ya hewa ni nzuri na haina joto kali, lakini fukwe zinazotazama bahari kuu upande wa mashariki hupigwa na upepo na mawimbi. Wakati huo tafuta ufuko uliokingwa na kisiwa, rasi au mwamba, au unaotazama magharibi. Desemba hadi Februari ni kaskazi. Joto ni kubwa, na mtu aliyezoea hewa kavu ya Dodoma atatoka jasho usiku kucha kama chumba hakipitishi upepo. Mwenye nafasi ya kuchagua aende Septemba au Oktoba, wakati kusi imelegea na vuli haijashika kasi.

Hatua ya 4: Chagua eneo kwa kupima njia nzima, hadi mlangoni

Treni ya SGR, iliyoanza kubeba abiria kati ya Dodoma na Dar es Salaam mwaka 2024, imebadilisha hesabu. Safari iliyokuwa ikichukua saa nane au zaidi kwa basi sasa ni kati ya saa tatu na nusu na nne. Lakini likizo haianzi stesheni. Hesabu na kinachofuata baada ya kushuka.

Kunduchi na Mbezi Beach. Kwa familia inayokwenda kwa mara ya kwanza na watoto wadogo, huku ndiko ninakopeleka wengi. Visiwa vya Mbudya na Bongoyo vinapunguza nguvu ya mawimbi, na mashua ya kwenda Mbudya unaipata Kunduchi. Hospitali na maduka ya dawa hayako mbali. Ubaya wake ni foleni, na fukwe hujaa watu Jumapili.

Kigamboni. Unavuka kwa kivuko cha Magogoni au kwa Daraja la Nyerere, lililofunguliwa mwaka 2016, ambalo magari hulipia tozo. Kadiri unavyokwenda kusini kupita Mjimwema kuelekea Kimbiji ndivyo utulivu unavyoongezeka, na ndivyo bahari inavyokuwa wazi zaidi. Wakati wa kusi mawimbi ya huko si ya kumwachia mtoto. Kwa wanandoa au watu wazima wanaotaka kupumzika, ni pazuri.

Bagamoyo. Mwenye gari lake asiingie Dar kabisa: pita Morogoro, Chalinze, kisha Msata, na kutoka Msata kuna lami hadi Bagamoyo mjini. Niseme wazi kwamba maji ya Bagamoyo si ya buluu ile ya kwenye picha. Mto Ruvu unamwaga maji yake kaskazini mwa mji, kuna mikoko, na bahari mara nyingi ina rangi ya udongo. Ila kwa wageni kutoka kwetu ninapapenda mno. Njia ya misafara iliyoishia hapo ilipita Mpwapwa na Ugogo, na mtoto aliyekulia Dodoma akisimama kwenye jengo la zamani la misafara anaona mwisho wa barabara iliyopita kwa babu zake. Soko la samaki liko ufukweni, na mji unatembeleka kwa miguu. Kwa mambo mengi ya siku za kawaida, Bagamoyo inashinda sehemu zenye mchanga mweupe zaidi.

Pangani na Ushongo. Ni kutwa nzima ya gari kupitia Chalinze na Segera, kwa hiyo usiende kwa usiku mbili. Ushongo iko kusini ya mto Pangani, na ukitokea upande wa mjini lazima uvuke. Uliza mapema uvukaji wa siku hiyo ukoje na mwisho ni saa ngapi. Ufuko ni mrefu na wa kimya. Kuna kisiwa cha mchanga cha Maziwe, ambacho hufunikwa maji yanapojaa, kwa hiyo mashua huenda kwa saa za kupwa. Hapa bamvua inakufaa: maji yakikupwa saa nne asubuhi, mnakwenda na kurudi mchana kungali mapema.

Zanzibar. Stesheni ya SGR ya Dar haiko mbali na bandari ya boti, na boti ya kasi huchukua saa mbili hivi. Beba kitambulisho cha kila mtu mzima. Nungwi na Kendwa, kaskazini, maji hayarudi mbali na unaweza kuogelea karibu kutwa. Ndiyo sababu bei ziko juu na usiku kuna muziki. Paje, Jambiani na Bwejuu, upande wa mashariki, maji yakikupwa bahari inakimbilia kwenye mwamba mbali sana. Kina mama wanalima mwani kwenye maji hayo mafupi, basi waonye watoto wasikanyage kamba na vigingi vyao, ni shamba la mtu. Upande huo nenda siku za maji mafu. Kama safari yako imeangukia Ramadhani, chukua nyumba yenye jiko, maana mchana migahawa mingi ya vijijini hufungwa.

Chagua moja. Familia inayokaa siku tano isihame: kufunga mizigo, kusafiri na kuzoea sehemu mpya kunakula siku nzima. Maskani nzuri ni ile unayotoka asubuhi kwenda kutembea na kurudi kulala palepale.

Hatua ya 5: Chora duara la kutembea kwa miguu

Fungua ramani kwenye simu, weka kidole kwenye nyumba, kisha tafuta vitu vilivyo ndani ya kilomita moja: duka la vyakula, mahali wavuvi wanapoleta samaki, duka la dawa, kituo cha daladala au kijiwe cha bajaji. Vikikosekana vitatu kati ya hivyo, kila unga wa ugali na kila panado vitahitaji bodaboda. Zahanati inaweza kuwa mbali kidogo, lakini jua jina lake na njia yake wakati wa usiku.

Hatua ya 6: Sasa piga simu kuhusu nyumba

Usiishie kwa dalali. Omba kuongea na mlinzi au mtunza nyumba anayelala hapo, maana yeye ndiye anayeiona bahari kila siku. Anza kwa heshima, watu wa pwani huthamini salamu:

"Shikamoo baba. Naitwa mama fulani, napiga kutoka Dodoma. Samahani kwa usumbufu. Hapo kwenu maji yakikupwa, watoto wanaogelea wapi?"

Ukisikia "wanasubiri yajae," umepata jibu la kweli na unaweza kupanga. Ukisikia "hapa maji hayapungui," muombe akupigie picha ya ufuko saa nne asubuhi siku ya bamvua. Kisha endelea:

Maji ya bomba au ya kisima? Visima vingi vya ufukweni vina chumvi. Kuogea vinafaa, chai haifai. Umeme ukikatika kuna jenereta au sola? LUKU ananunua nani? Vitanda vina neti, na madirisha yana wavu? Usipuuze hili, malaria ipo pwani. Mtungi wa gesi umejaa? Kuna mpishi wa hapo kijijini, na analipwa shilingi ngapi kwa siku? Ninawasihi wateja wangu wamchukue mpishi wa hapohapo, kwa sababu atajua changu na kolekole wanauzwa wapi asubuhi na atawapikia samaki wa nazi vile inavyotakiwa.

Uliza pia vyumba vimeelekea wapi. Chumba kinachopokea upepo wa msimu kinalalika bila kiyoyozi. Kilichojificha nyuma ya ukuta hakilaliki mwezi Januari. Na kama nyumba iko pembeni mwa mikoko, tegemea mbu jioni na tope mbele, hata kama bei ni nusu.

Hatua ya 7: Lipa kwa awamu

Tanguliza sehemu, malizia ukishaona nyumba. Jina linalotokea kwenye simu unapotuma pesa lilingane na jina la uliyekubaliana naye. Makubaliano yaandikwe kwenye ujumbe: tarehe, idadi ya watu, kilichomo kwenye bei, na kitakachotokea mkiahirisha.

Hatua ya 8: Siku ya kufika, hakiki kabla ya kuingia majini

Tafuta mvuvi anayeshona nyavu au anayevuta ngalawa, msalimie, muulize maji yanajaa saa ngapi leo na wapi pana mkondo. Andika saa aliyokutajia kwenye karatasi, kisha ongeza dakika 50 kwa kila siku inayofuata hadi siku ya kuondoka. Bandika karatasi hiyo mlangoni. Wanunulie watoto viatu vya plastiki vya kuingilia majini, kwa kuwa kwenye mwamba kuna wale viumbe weusi wenye miiba mirefu inayovunjikia mguuni. Kisha teueni mtu mzima mmoja wa zamu ya kuangalia watoto majini, simu yake ikiwa ndani ya nyumba, na mbadilishane kila nusu saa.