Kupika bia lita 4 kwa sufuria moja, na kujua lini iingie chupani

Wengi wanaoniuliza kuhusu kupika bia nyumbani huanza na vifaa: pipa gani, pampu gani, mtambo gani wa umeme. Hivyo vyote viache. Sufuria ya lita 10, ndoo ya plastiki ya chakula yenye mfuniko na mfuko mkubwa wa kitambaa cha chandarua vinatosha kutoa lita 4 za bia, yaani chupa 8 za nusu lita. Pesa itakayobaki nunulia kipimajoto cha kuaminika, mizani inayopima gramu moja moja, na haidromita (kipimo kinachoonyesha sukari iliyomo kwenye bia). Hiyo haidromita ndiyo itakayokula sehemu kubwa ya mwongozo huu. Karibu kila mtu niliyewahi kumwelekeza alipika vizuri, akapoza vizuri, kisha akakwama kwenye swali moja: imeiva au bado?

Kwa nini lita 4 na si 20? Kwa sababu jiko la kawaida linaweza kuzichemsha, beseni moja la barafu linaweza kuzipoza, na zikiharibika umepoteza kilo moja tu ya kimea. Kasoro yake ni kwamba saa za kazi hazipungui sana. Mimi naona bado inalipa, kwa sababu unaweza kubadilisha kitu kimoja kila unapopika na ukajifunza kitu kila chupa zinapofunguliwa.

Sheria za kupika pombe nyumbani si sawa kila nchi. Ijue ya kwako kabla hujawasha jiko.

Mahitaji

Kimea cha shayiri cha rangi hafifu kilo 1, kikiwa kimeparazwa. Kiparazwe tu, kisisagwe kuwa unga: punje ipasuke, ganda libaki. Hopsi, yaani maua makavu yanayoipa bia uchungu na harufu, gramu 13 zenye asidi alfa (ndiyo inayoleta uchungu) karibu asilimia 6 (kiwango huandikwa kwenye pakiti). Hamira kavu ya bia ya aina ya ale (bia inayochachuka bila baridi kali). Sukari nyeupe gramu 24. Maji lita 7.

Usiniulize kama hamira ya mikate inafaa. Itachachusha, ndiyo, lakini haitulii vizuri chini na ladha yake hukaa mbele ya kila kitu. Pakiti ya hamira ya bia ni kitu kidogo kulingana na kazi utakayoifanya. Pakiti ya gramu 11 hutengenezwa kwa takriban lita 20, kwa hiyo hapa gramu 4 zinatosha. Iliyobaki ifunge isipate hewa na uiweke kwenye friji.

Maji yenye harufu ya klorini yatakupa bia yenye ladha ya dawa ya hospitali. Tumia maji ya chupa, au yaliyopita kwenye kichujio cha mkaa.

Hatua ya 1: Kuloweka kimea

Pasha maji yote lita 7 hadi nyuzi 69 za Selsiasi, zima moto, tandaza mfuko ndani ya sufuria, kisha mimina kimea taratibu huku ukikoroga ili kisishikane mabonge. Joto litashuka lenyewe hadi karibu nyuzi 66. Funika, viringisha blanketi, acha saa moja.

Kinachofanyika humo ni kwamba vimeng'enya vya kimea vinaukata wanga kuwa sukari. Ukiloweka kwenye nyuzi 63 sukari nyingi itakuwa ya kuchachuka na bia itakuwa kavu. Kwenye nyuzi 68 itabaki nzito na yenye utamu kidogo. Likishuka nyuzi mbili tatu kabla saa haijaisha, usihangaike. Ukilazimika kuwasha moto tena, inua mfuko kwanza, la sivyo mfuko utaungua chini.

Mwishoni nyanyua mfuko, uache uchuruzike, kisha ukamue. Utasikia watu wakisema kukamua kunaleta ukakasi. Ukakasi huletwa na maji ya moto kupita kiasi na yenye ukali mdogo mno wa asidi, si mikono yako. Kamua bila hofu, kwenye lita 4 kila kikombe kina maana.

Hatua ya 2: Kuchemsha

Chemsha dakika 60 bila kufunika. Weka hopsi gramu 8 mwanzoni kwa ajili ya uchungu, gramu 5 zikiwa zimebaki dakika 5 kwa ajili ya harufu. Dakika za kwanza usiondoke jikoni, povu hupanda ghafla na kumwagika. Baada ya saa moja uwe na kama lita nne na nusu.

Hatua ya 3: Kupoza na kutia hamira

Sufuria iingie kwenye beseni la maji na barafu mpaka ishuke chini ya nyuzi 20. Kuanzia hapa kila kinachogusa bia kiwe kimesafishwa kwa sabuni, kikasuuzwa, kisha kikapitishwa kwenye dawa ya kutakasa. Napendelea zile za asidi zisizohitaji kusuuzwa. Povu lake likibaki kwenye ndoo lina uso wa kutisha lakini halina madhara likichanganywa kwa kipimo cha kopo. Chochote kile unachotumia, kumbuka uchafu uliogandamana hautakasiki. Ni lazima uoshwe kwanza.

Mimina kwenye ndoo kutoka juu ili itoke povu na kuingiza hewa, acha mashapo mengi kwenye sufuria, chota sampuli ya kupima (nitaieleza hapa chini), nyunyiza hamira, funika, weka kizibo cha hewa (kinachotoa gesi bila kuingiza hewa). Iweke mahali penye giza, nyuzi 18 hadi 20. Chumba kikiwa na joto, simamisha ndoo kwenye beseni la maji na ubadilishe chupa za barafu asubuhi na jioni. Siku tatu za kwanza ndizo zinazoamua ladha. Hamira yenyewe huzalisha joto inapofanya kazi, kwa hiyo pima ndoo badala ya kupima chumba.

Hatua ya 4: Imekwisha kuchachuka?

Hapa tukae.

Kizibo cha hewa hakipimi chochote. Kinachotoa mapovu ni gesi inayotafuta njia, na gesi hutoka kwa sababu nyingi. Chumba kikipata joto mchana, gesi iliyoyeyuka kwenye bia hutoka na kizibo kitabubujika hata kama hamira ililala zamani. Mfuniko wa ndoo ukivuja kidogo pembeni, hutaona povu hata moja huku bia ikichachuka kwa nguvu. Jamaa niliyekuwa namsaidia alikuwa na ndoo kimya kabisa tangu siku ya pili. Alikuwa tayari kumwaga vyote. Tulipopima, zaidi ya nusu ya sukari ilikuwa imeshaliwa.

Haidromita ni mrija wa kioo unaoelea. Sukari ikiwa nyingi unaelea juu. Ikipungua na pombe ikiongezeka, unazama. Maji matupu husoma 1.000. Kwa mapishi haya, kabla ya hamira usomaji utakuwa karibu 1.048, na bia ikikomaa utakuwa karibu 1.010. Tofauti ya namba hizo ukiizidisha kwa 131 unapata kiasi cha pombe kwa asilimia: 0.038 mara 131, karibu asilimia 5.

Rahisi, ila kuna mambo yanayopotosha.

La kwanza ni joto. Haidromita nyingi zimetengenezwa zisome sawasawa kwenye nyuzi 20. Joto lake huandikwa kwenye karatasi iliyo ndani ya kioo. Ukipima sampuli ya nyuzi 40 itasoma pungufu kwa takriban 0.006. Usianze kukokotoa marekebisho, subiri ipoe. Na siku unayoinunua, itumbukize kwenye maji safi ya joto hilo. Ikisoma 1.002 badala ya 1.000, andika kwenye kasha lake na uwe unatoa 0.002 kila mara. Zipo nyingi zenye kasoro hiyo na zinafaa kabisa mradi unaijua.

La pili ni gesi. Sampuli ya bia inayochachuka imejaa vipovu vinavyojishikiza kwenye kioo na kukiinua, ukadhani sukari bado ipo. Mimina sampuli kutoka glasi hadi glasi mara kadhaa, kisha ukizamisha haidromita izungushe kwa vidole ili vipovu viachie. Soma kwenye usawa wa maji yenyewe. Ile sehemu inayopanda kidogo ukutani mwa kioo usiihesabu.

La tatu ni lile linalowaudhi wapishi wa kiasi kidogo. Mrija wa kawaida wa kuwekea sampuli unataka karibu mililita 100. Pima mara tatu nne, umekunywa karibu chupa nzima kabla ya wakati. Tafuta mrija mwembamba kadiri haidromita yako inavyoruhusu, na usirudishe sampuli kwenye ndoo. Ionje. Ulimi utakuambia mengi kuhusu bia inakoelekea, na kurudisha ni kukaribisha vijidudu.

Wengine watakushauri ununue rifraktomita, kifaa kinachopima sukari kwa mwanga na kinachohitaji tone mbili tu. Kabla ya hamira ni nzuri sana. Baada ya pombe kuingia inadanganya, kwa sababu pombe hupinda mwanga kwa namna yake, na utahitaji kukokotoa ili upate jibu la kukadiria. Kwa swali la "imekwisha?" bado naamini kioo kinachoelea.

Sasa kanuni. Usipime kabla ya siku ya 10. Pima, subiri siku tatu, pima tena. Namba zikiwa sawa kabisa na ziko karibu na ulipotarajia, imekwisha. Namba zikiwa sawa lakini ziko juu, tuseme 1.020, usikimbilie chupa: huenda hamira imelala kwa baridi. Ipeleke penye nyuzi 21 au 22, tikisa ndoo taratibu bila kuifungua ili hamira iliyotua iamke, ipe siku nne, pima tena.

Lakini utajuaje kama 1.020 ni kulala au ndio mwisho wake? Labda uliloweka kimea kwa joto kubwa na sukari iliyobaki haichachuki. Hapa kuna mbinu ambayo waanzaji hawaambiwi, nami siachi kuitumia. Siku ya kupika, chota mililita 200 za yale maji ya kimea yaliyopoa, tia kwenye chupa safi pamoja na nusu kijiko cha chai cha hamira, funika kwa karatasi ya alumini bila kukaza, weka mahali pa joto la nyuzi 25 au zaidi, na uitikise kila unapopita. Hamira nyingi na joto vitaimaliza ndani ya siku tatu hivi. Ladha yake haitafaa, lakini ukiipima utajua sukari ya mapishi hayo inaweza kushuka mpaka wapi. Ikisoma 1.010 na ndoo inasema 1.020, ndoo imelala. Zote zikisema 1.018, tatizo lilikuwa kwenye kuloweka na bia ndiyo hiyo.

Kwa nini nakazania hivi? Usomaji wa haidromita ukibaki juu kwa 0.004 tu unapofunga chupa, hamira itaendelea kula humo ndani na kuongeza gesi hadi karibu maradufu ya uliyokusudia. Kwa bahati nzuri utapata bia inayoruka hadi darini. Kwa bahati mbaya kioo kitapasuka, na vipande vyake havichagui macho ya nani.

Hatua ya 5: Chupa

Tumia chupa za bia za kahawia zinazofungwa kwa kizibo cha bati. Chupa za divai au za mchuzi hazikutengenezwa kwa shinikizo hili. Ziwe safi na zimetakaswa.

Sukari ni gramu 6 kwa kila lita, yaani gramu 3 kwa chupa ya nusu lita. Ukiwa na ndoo ya pili, chemsha sukari yote na maji kidogo, mimina ndani, kisha nyonya bia kwa mrija wa mpira juu yake bila kurusha mapovu. Usipokuwa nayo, pima gramu 3 kwa kila chupa kwa mizani. Usitumie kijiko. Kijiko cha mtu mmoja ni gramu 3, cha mwingine 5.

Moja kati ya chupa hizo iwe ya plastiki, ile ya soda. Jaza, ikamue hewa itoke, funga. Ikiwa ngumu kiasi kwamba kidole hakibonyei, na za kioo zimefika. Huchukua karibu wiki mbili kwenye nyuzi 20. Ikiwa ngumu kama jiwe siku ya nne, ziingize zote kwenye friji siku hiyo hiyo, ukizishika ukiwa umezifunika taulo, na unywe mapema.

Zikishafika, zikae friji siku mbili zikiwa zimesimama. Mimina kwa mkupuo mmoja kwenye glasi na uache sentimita ya mwisho chupani, ndiko hamira ilikotua.