Sarafu ikikwama, weka oili mbali

Mashine ya zamani ya gemu ya kutumbukiza sarafu ikianza kukwamisha sarafu, usikimbilie oili. Mimi nilikimbilia. Nililetewa pinboli moja (gemu ya kupiga kigololi cha chuma) hapa Kirumba, Mwanza, nikapaka oili ya cherehani njia nzima ya sarafu. Siku mbili ikateleza kama sato, ya tatu ikaganda. Kufungua, nakuta uji mweusi: oili, vumbi, na wale wadudu wa ziwani wanaoingia kama moshi jioni taa zikiwaka.

Chomoa umeme, kisha toa kifaa chote cha kupokelea sarafu. Kipige picha kabla ya kukigusa, maana kispringi kikiruka chini ya meza hutakumbuka kilikaa wapi. Osha kwa maji ya uvuguvugu, sabuni na mswaki uliochakaa. Anika mpaka kikauke kabisa; kwa unyevu wetu huu, kutu haichelewi.

Usisahau sumaku. Imewekwa inase washa za chuma ambazo wajanja hutumbukiza badala ya sarafu, lakini nayo hukusanya chenga za chuma hadi sarafu halali inakwaruza. Bandika selotepu, bandua, rudia.

Rudisha kikiwa kikavu. Kama kikono cha ndani bado kizito, tone moja la oili kwenye mhimili wake, kwa ncha ya sindano, basi. Swichi ya sarafu, ile inayobonyezwa na sarafu ikipita, usiiguse kwa msasa: pitisha kipande cha kadi ngumu kati ya ncha zake, zibane kidogo, vuta. Kadi itatoka na mstari mweusi.