Ziwa Ngozi kwa mwendo wa kinyonga: siku moja, watu wawili

Wengi wanaotoka Mbeya kwenda Ziwa Ngozi huharibu siku kabla hawajapanda gari, kwa kulibana ziwa kati ya Daraja la Mungu, Kijungu na chakula cha mchana Tukuyu. Ngozi halitaki papara, na sababu ni ukungu. Ziwa limekaa ndani ya kreta, yaani shimo kubwa la volkano, kwenye safu ya milima ya Poroto, na kilele cha ukingo wake kinapita mita 2,600. Upepo wenye unyevu kutoka upande wa Ziwa Nyasa ukipandishwa na milima hii hupoa na kuwa wingu. Asubuhi mara nyingi huwa kweupe, lakini ikifika adhuhuri kreta inaweza kuwa imejaa ukungu mtupu, msione hata tone la maji. Basi ratiba ni ya ukungu. Kazi yenu ni kuwahi kufika juu, kisha kukaa.

Chagueni siku kati ya Julai na Oktoba. Juni na Julai baridi inauma kweli, ila njia ni kavu. Machi hadi Mei msijisumbue: Rungwe, wilaya lilipo ziwa hili, ni kati ya maeneo yanayopata mvua nyingi zaidi nchini, na udongo wa majivu ya volkano ukilowa huteleza kama sabuni. Hata kiangazi, mvua ikiwa imenyesha siku mbili mfululizo, geuzeni safari. Nendeni Daraja la Mungu, ambako lava ya kale imeacha daraja la mwamba juu ya mto Kiwira, kisha Kijungu, ambako mto huohuo unazama kwenye chungu cha jiwe. Huko hakuna mlima wa kupanda. Eneo la Kijungu liko upande wa Magereza, kwa hiyo beba kitambulisho, omba ruhusa getini, na kamera isielekee majengo yao.

Vyakula andaeni usiku. Kwa watu wawili: viazi mviringo vinane vya kuchemsha na maganda yake, mayai manne, parachichi mbili, karanga robo kilo, chumvi kwenye karatasi. Parachichi iwe imeanza tu kulainika, na ikae juu kabisa ya begi. Ikiwa chini mtaikuta imeshapaka nguo zote. Chai lita moja kwenye chupa, ya rangi na tangawizi, maana ya maziwa ikikaa saa nne kwenye chupa ladha inageuka. Maji lita moja na nusu kila mtu. Msitegemee maji ya ziwa: halina mto unaotoka, na maji yake yana chumvichumvi.

Nguo: raba zenye meno au buti, soksi jozi mbili, sweta, na koti la mvua. Mwavuli uacheni nyumbani, mianzi itaurarua. Suruali iwe ndefu na ichomekwe ndani ya soksi. Hilo watu hulidharau mpaka wakanyage msafara wa siafu, na kandokando ya njia kuna majani yanayowasha kama upupu.

Saa 12 asubuhi muwe mmeshapata Coaster ya Tukuyu au Kyela. Gari hupita Uyole, huacha barabara kuu ya Dar es Salaam na kupanda kuelekea kusini. Mwambieni konda mapema, "Tunashuka Mchangani, njia panda ya Ngozi." Ni kama katikati ya Mbeya na Tukuyu. Mkipitiliza kwa stori, mtashtukia mko Kiwira.

Hapo njia panda ndipo pa kulipia kiingilio na kumpata mwenyeji wa kuwaongoza. Huu ni msitu wa hifadhi, na vijia vyake vinagawanyika bila kibao. Wazee waamkieni shikamoo. Mkiongeza "ndaga" wakati wa kushukuru, mtaona nyuso zinavyofunguka. Bei elewaneni kabla hamjapiga hatua, na mseme wazi kama mnaishia ukingoni au mnashuka majini, kwa sababu hizo ni kazi mbili tofauti. Ombeni risiti ya kiingilio. Bebeni noti ndogondogo, chenji kijijini ni shida.

Kutoka lami hadi mguu wa mlima ni kilomita kadhaa za vumbi na mashamba ya viazi. Asubuhi pandeni boda, kurudi mtembee. Wakipanga kinyume watu hufika mlimani wamechoka na jua limekwenda.

Kupanda msituni huchukua saa moja hadi moja na nusu. Mwongozaji atangulie, afuate mwenye pumzi fupi, mwenye nguvu abaki nyuma. Mwenye nguvu akiwa mbele atasubiri kila kona, na kila mwenzake anapomfikia yeye ndiyo anaanza tena kutembea, kwa hiyo aliyechoka hapumziki hata mara moja. Kipimo cha mwendo ni mazungumzo: mmoja wenu akishindwa kumaliza sentensi bila kuhema, mnakwenda mbio mno.

Angalieni matawi ya usawa wa kiuno. Kinyonga wa Poroto anaishi milima hii ya kusini tu, na dume ana pembe tatu puani kama kifaru wa mfukoni. Chuchumaeni mtazame jicho moja likiangalia mbele na lingine likiwaangalia ninyi. Msimvute kwenye tawi. Vidole vyake hukaza kama koleo na mtamuumiza. Hana sumu, pamoja na hofu yote tuliyolelewa nayo. Juu kwenye miti mirefu sikilizeni mbega.

Mkifika ukingoni saa nne na nusu hivi, kaeni. Ziwa liko chini sana, kijani iliyokolea, urefu wake kama kilomita mbili na nusu. Kama limefunikwa, vaeni sweta kabla hamjasikia baridi, maana jasho likipoa mgongoni halipashiki tena, mimineni chai na msubiri nusu saa. Ukungu hufunguka kama dirisha kwa dakika chache kisha hujifunga. Anayekata tamaa baada ya dakika kumi ndiye hurudi mjini akisema hakuna kitu. Moto msiwashe, na maganda ya mayai rudini nayo.

Kushuka hadi majini kwa siku ya kupumzika hatushauri. Ni ukuta wa mizizi na matope, na kila hatua ya kushuka mtailipa wakati wa kupanda. Mkiamua, iwe kavu, kabla ya saa tano, na mshuke mmojammoja ili jiwe lisimwangukie aliye chini. Msiogelee. Popote pale msikae kwenye vishimo vyenye ndege au wadudu waliokufa: Rungwe hutoa kaboni dayoksaidi ardhini, nayo ni nzito kuliko hewa, hivyo hutuama chini bila rangi wala harufu.

Saa saba anzeni kurudi, muwe barabarani saa kumi. Jioni magari ya kutoka Kyela huja yamejaa, na usiku barabara hii ina ukungu na malori ya mpakani. Viazi vya kupeleka nyumbani nunueni mkiwa mmesimama pale pa kusubiri gari, si kabla. Ndoo moja kila mtu inatosha, kwa kuwa itakaa miguuni mwenu hadi Mbeya. Raba zisuguliwe usiku uleule matope yakiwa bado mabichi, zijazwe magazeti, zianikwe kivulini.