SOMO: Kuufuta mshono wa Dakota ya 1/72

Wadau wa Mtwara na Lindi, salaam. Leo tunaunga kiwiliwili cha modeli ya plastiki ya ndege ya Douglas Dakota, iliyopunguzwa mara 72 (ndiyo maana ya 1/72). Nimeichagua kwa sababu wazee wetu wa Lindi, Mtwara na Nachingwea waliipanda enzi za East African Airways. Upana wake halisi ni mita 29 kutoka ncha ya bawa hadi ncha. Gawa kwa 72, unapata sentimita 40 mezani.

Hesabu hiyohiyo inaonyesha kwa nini mshono, yaani pale nusu mbili za kiwiliwili zinapokutana, ni jambo kubwa. Ufa wa nusu milimita kwenye modeli ni milimita 36 kwenye ndege halisi, yaani vidole viwili vinapita. Hakuna rangi itakayoficha hilo.

1. Osha fremu zote zilizoshika vipande kwa maji ya vuguvugu na sabuni ya vyombo. Mafuta ya kiwandani hukataa rangi.

2. Kata vipande kwa nelikata, acha kibutu kidogo, malizia kwa wembe na msasa. Vikutanishe vikavu kwanza.

3. Hapa tulia. Gundi ya plastiki haishikizi tu, inayeyusha pande zote mbili ziwe kitu kimoja. Shika nusu mbili za kiwiliwili pamoja, gusisha brashi ya gundi kwenye ufa, nayo itajivuta ndani yenyewe. Subiri kidogo, kisha bana taratibu mpaka uone uzi mwembamba wa plastiki laini ukichomoza kwenye mshono wote. Usiufute! Funga kwa tepu, uache hadi kesho yake au zaidi. Ukishakauka, simamisha wembe wima uukwangue, halafu pitisha msasa wa maji namba 400, 600 na 1000. Uzi huo ni bora kuliko puti yoyote ya dukani, maana ni plastiki ileile.

Penye pengo, tia supaglu iliyochanganywa na poda ya mtoto. Piga msasa mara ikishika. Ukiiacha hadi kesho inakuwa ngumu kuliko plastiki, na msasa utakula pembeni badala ya juu.

4. Puliza praima ya kijivu, kisha lete taa kutoka ubavuni. Kivuli chembamba kikionekana, rudi hatua ya tatu. Mimi sioni aibu kurudi hata mara nyingi. Kazi hii haina haraka.

5. Mistari ya maungio ya bati za ndege iliyofutika ichore upya kwa sindano, ukifuata ukingo wa tepu ngumu.

6. Rangi. Hapa pwani adui ni unyevu. Rangi inayokauka upesi hupoza uso wa modeli, unyevu wa hewani unatua juu yake, na vanishi inageuka ukungu mweupe. Puliza kati ya saa tano asubuhi na saa tisa alasiri, kamwe si baada ya mvua. Msimu wa kusi ndio wenye hewa kavu, ila jihadhari na vumbi.

MASWALI YA WANACHAMA

*Masasi:* Shikamoo mwalimu. Gundi ya plastiki sina. Thina ya rangi za magari inafaa?

Marahaba. Nyingi huyeyusha plastiki, lakini kwa pupa. Tone moja linaharibu bawa. Jaribu kwenye kipande cha fremu kwanza, madirisha wazi, mbali na jiko.

*Mikindani:* Vioo vyangu vimepata ukungu baada ya kubandika.

Pole dada. Huo ni mvuke wa supaglu. Vioo vibandike kwa gundi nyeupe ya mbao, ikikauka haionekani.

*Lindi mjini:* Nimejenga Q400 ya Air Tanzania, inakalia mkia!

Dakota ina gurudumu la mkiani, haihitaji uzito. Q400 ina gurudumu la puani, kwa hiyo tia chubwi za wavuvi puani kabla ya kufunga kiwiliwili. Ipime ikiwa imeshikwa kwa tepu tu, isimame kwenye magurudumu makuu huku pua ikiinama. Kwa hiyo uliyokwisha kuifunga, toboa tundu dogo ndani ya shimo la gurudumu la puani, uingize chubwi ndogondogo pamoja na gundi ya epoksi; gundi nyeupe usitumie na risasi, maana huila polepole ikavimba na kupasua modeli.

*Nachingwea:* Kaka, Dakota ya East African niandike 5H kwenye namba ya usajili?

Si lazima. Shirika lilikuwa la nchi zetu tatu, hivyo baada ya uhuru utakuta 5H ya Tanzania, 5X ya Uganda na 5Y ya Kenya. Kabla ya hapo herufi zilianza na VP kwa Kenya na Uganda, na VR kwa Tanganyika. Tafuta picha ya ndege moja uifuate yote, rangi hadi namba, maana ukichanganya miaka wazee wataiona.