Mvaa miwani mbele ya kamera: taa uiweke wapi

Hapa Kampala nahoji zaidi walimu, mawakili na wazee, watu ambao miwani haiwatoki usoni. Miwani ikirudisha mng'ao wa taa kwenye kamera, usimwambie mtu aivue. Atakunja uso, na ndugu zake watauliza huyo ni nani.

1. Zima taa zote. Mketishe, kamera iwe usawa wa macho yake, mhoji naye akae mahali pake. Tazama vioo vya miwani: kuna dirisha ndani yake? Funga pazia au geuza kiti. Mlango ulio wazi kwenye jua la saa saba unashinda taa yoyote uliyokuja nayo kwenye boda.

2. Washa taa kuu peke yake. Nuru huruka kutoka kwenye kioo kwa pembe ileile iliyoingilia, kwa hiyo kupunguza ukali hakukusaidii kitu. Taa ndiyo ihame. Inua stendi polepole huku ukitazama skrini. Mng'ao utapanda juu ya kioo mpaka utoke. Ishie hapo, maana ukizidisha, kivuli cha fremu kitamkata machoni.

3. Chagua upande. Hapa ndipo wengi hukwama. Mhojiwa hatazami kamera, anamtazama mhoji. Tuseme amegeuza uso digrii 20 kulia kwa kamera. Taa iliyo usawa wa macho yake, digrii 40 kutoka kwenye kamera upande huohuo, nuru yake itagonga miwani na kuruka moja kwa moja kwenye lenzi ya kamera, na ndiko tulikozoea kuiweka kwa sababu inachonga uso vizuri. Ihamishie upande wa pili wa kamera. Uso utaonekana mpana kidogo. Hasara hiyo mimi naikubali. Kwa kuwa vioo vimebinuka, usitegemee hesabu tupu, acha nafasi ya ziada.

4. Bado kuna doa? Mwombe kwa adabu: "Mzee, naomba uinue miwani kidogo huku nyuma." Vipini vikipanda juu ya masikio, vioo vinainama na mng'ao unashuka sakafuni. Usimshike mwenyewe. Ila kioo kilichoinama huona mapaja, basi ondoa karatasi nyeupe mezani, au tandika kitambaa cheusi.

Taa ya duara iache nyumbani, itamchorea pete mbili machoni. Filta ya polaraiza, kile kioo kinachofungwa mbele ya lenzi ili kupunguza mng'ao, nayo watu huisifia mno: hufanya kazi vizuri nuru ikigonga kioo kwa ubavu, karibu digrii 56, lakini kioo kikielekea kamera haifanyi kitu, na bado inakula stopu moja na nusu hadi mbili za nuru (kila stopu hupunguza nuru kwa nusu).

5. Kabla ya kurekodi, mchekeshe. Muulize foleni ya Jinja Road ilikuwaje leo. Akicheka atainua kidevu, na mng'ao unaweza kurudi. Ukirudi, panda na taa kiganja kimoja zaidi. Miwani iliyopakwa dawa ya kuzuia mng'ao hubaki na kidoa cha kijani au zambarau. Hicho kiache.