Kabla ya kukubali kulipwa kwa mlango

Wanamuziki wenzangu wa bendi za dansi, baa ikiwaambia "nyie chukueni mlango, sisi tunabaki na bia," yaani malipo yenu ni pesa za kiingilio tu, msikubali mpaka mmepata kiasi cha chini cha uhakika. Mvua ikinyesha Dar saa mbili usiku, mlangoni haingii mtu, lakini gari la vyombo, mafuta ya jenereta na nauli za watu 12 vinataka kulipwa vilevile. Pigeni hesabu ya hayo kwanza. Hicho ndicho kiwe kianzio, na kilipwe kabla vyombo havijapanda gari. Kiingilio kikivuka hapo, mgawane na baa.

Tiketi ziwe na namba, na mtu wenu akae mlangoni pamoja na wa baa. Vishina vya tiketi vihesabiwe usiku uleule mbele ya wote wawili. Ukiambiwa "njoo asubuhi", ujue hesabu imeshabadilika.

Na zile noti anazobandikwa mwimbaji kwenye paji la uso, kubalianeni mapema ni zake au za bendi. Mimi nasema nusu iende kwa wapigaji. Mpiga besi na mpiga tumba hawatunzwi, na ndio wanaowainua watu vitini.